Kofi Lililompeleka Jeshini

Swali la mwisho la usaili lilikuwa lile lile kwa kila mtu: kwa nini unataka kujiunga na jeshi? Maofisa watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, mmoja akiandika, mmoja akipiga miayo, mmoja akikagua viatu vya wanaoingia. Jibu nalo lilikuwa lile lile, kulitumikia taifa. Siku ile waliingia watu mia mbili na ushee, na wote mia mbili na ushee walilitumikia taifa kabla hata hawajapewa buti.

Uongo mtupu. Kwenye foleni, nje ya ukuta, watu walikuwa wameshaambiana ukweli tangu asubuhi. Kulikuwa na dada mmoja mrefu aliyekuwa anakwepa kuozwa kwa shemeji yake, mume wa dada yake aliyefariki. Kulikuwa na mpaka rangi mmoja ambaye baba wa mchumba wake alimwambia hana mbele wala nyuma, naye akaapa kurudi pale mlangoni akiwa na nyota begani. Mwingine alisema kwao wako tisa na sufuria ni moja. Mwingine alipenda kwata tu, basi, tangu utotoni, na wenzake walimcheka mpaka akanuna. Nyuma yao alisimama msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba, vidole vimechubuka kwa sabuni. Yeye hakusema kitu. Sababu yake ilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hai, mzima wa afya, akipiga miluzi ndani ya kambi ile ile.

Baba yake msichana alikuwa kinyozi. Duka lake lilitazamana na geti la kambi: viti viwili vya kuzunguka, benchi la wateja, na nyuma ya pazia sinki ambalo binti alifulia taulo. Wateja wake wengi walikuwa askari, na alikuwa amewanyoa kwa miaka mingi hata hakuwa anauliza tena. Alifunga shuka shingoni kwa mteja, akatupa jicho chini. Akiona viatu vya kawaida, aliuliza, nikukate vipi? Akiona buti, aliwasha mashine na kukata kijeshi, pembeni peupe, juu kidole kimoja. Hakuwahi kulalamikiwa.

Jumamosi moja akaingia koplo ambaye kambi nzima ilimwita Miluzi, kwa sababu hakuweza kutembea hatua kumi bila kupuliza wimbo fulani. Alikuwa amevaa shati la kiraia na buti. Alikuwa ametoka lindo, akakaa kitini na kusinzia kabla shuka halijafungwa. Kinyozi hakujua kwamba Miluzi alikuwa anaoa wiki inayofuata, wala kwamba alikuwa ameomba ruhusa kwa mkuu wake afuge nywele mwezi mzima kwa ajili ya picha. Alitaka kutengenezwa ndevu tu. Kinyozi akaona buti.

Miluzi alizinduka kazi imekwisha. Akajitazama kwenye kioo. Kofi lilikuwa moja, lakini lilimtupa kinyozi kwenye meza ya mafuta na poda, miwani ikaruka mpaka mlangoni. Kisha Miluzi akamwambia apige magoti, aziokote nywele zote kwa vidole, azitie mfukoni mwa aproni yake, akae nazo. Mzee wa miaka hamsini na moja akapiga magoti. Benchini kulikuwa na wanaume wanane, raia na askari, na wote wanane waliinamia magazeti. Mmoja wao aliinua miguu kidogo ili kinyozi azifikie nywele zilizokuwa chini ya benchi.

Binti alisimama kando ya pazia na taulo lililojaa maji mkononi. Maji yalimtiririkia miguuni, naye hakusogea wala hakupiga kelele. Hilo hakujisamehe. Lakini kujichukia kunachosha, na Miluzi alikuwa karibu zaidi, kwa hiyo chuki yote ikamhamia yeye.

Baba hakulitaja jambo lile hata siku moja. Kilichobadilika ni kwamba alianza kuuliza. Alimuuliza kila mteja, hata wale wa miaka na miaka, tena mara tatu tatu: "Nikate vipi? Pembeni niondoe? Una hakika?" Wateja wakamtania, "Mzee, ni nywele hizo, si mguu." Yeye alicheka nao, na bado akauliza tena. Binti aliyasikia maswali yale akiwa sinkini, siku nzima, na kila swali lilimchoma.

Aliwaza, akawazua. Raia angemfanya nini askari, na msichana mfua taulo ndiyo kabisa. Kwenda kushtaki? Mashahidi ni wale wanane wa magazeti. Basi akaona njia ni moja: aingie jeshini, apande cheo, ampite Miluzi, na siku moja mbele ya gwaride amwambie apige magoti. Hesabu za kitoto hizo, hata mimi nakubali. Lakini zilimvusha usaili, akasema atalitumikia taifa, na yule ofisa wa viatu akaridhika. Nyumbani alimwambia baba yake maneno hayo hayo, na baba akaamini.

Mafunzo ya depo yaliwatoa wengi jasho na machozi. Mpenda kwata alikuwa wa kwanza kurudi kwao. Binti wa kinyozi alijikaza kisabuni. Kwenye mbio, kila pumzi ilipotaka kukata, alimweka Miluzi mbele yake na kumfukuza. Kwenye shabaha hakukosa, na kila risasi ilikuwa na mwenyewe. Mkufunzi akamsimamisha mbele ya makuruta wenzake na kusema, "Mnaona huyu? Huu ndio uzalendo!" Uzalendo! Angejua, angemnyang'anya bunduki pale pale.

Akapangiwa kambi ile ile ya nyumbani, akashukuru Mungu. Ila hesabu za kitoto zikaanza kugoma. Alipopata ukoplo, Miluzi alikuwa sajenti. Alipopata usajenti, Miluzi alikuwa sajenti mkuu. Yule bwana hakuwa hodari wala mzembe, alipanda tu pole pole bila kuteleza, daima ngazi moja juu yake, na jeshini mtu wa juu humpigishi magoti. Binti alikuwa akimpigia saluti. Kila saluti alimeza mate machungu.

Dawa aliipata stoo, siku alipokwenda kubadilisha soli ya buti. Mtunza stoo wa wakati ule, mzee mmoja mcheshi aliyekaribia kustaafu, alimwambia kwa kujigamba, "Wenye vyeo wote wananipita hapa wamebenua vifua. Lakini hakuna anayetoka jeshini bila kunyenyekea dirishani kwangu." Akamweleza. Askari anayestaafu hurudisha kila kitu alichopewa, kuanzia helmeti mpaka kijiko, na mtunza stoo hutia saini fomu ya makabidhiano. Saini isipokuwepo, hapati cheti cha kustaafu, hapati nafasi kwenye lori la kumhamishia vyombo vyake, na nyumba ya kambi anatakiwa aihame hata hivyo. "Hata akiwa jenerali," mzee akamalizia.

Kesho yake binti aliomba kuhamishiwa stoo. Mkuu wa kikosi alimshangaa. "Mpiga shabaha namba moja unataka kwenda kuhesabu mablanketi?" Akajibu anapenda utaratibu. Mara hii hakudanganya sana.

Stoo ikamlea. Ilikuwa chumba kirefu cha mabati, rafu mpaka darini, dirisha moja la kaunta lenye nyavu, harufu ya turubai na dawa ya nondo. Akawa mkali kupindukia. Hakuna glovu iliyotoka bila saini, hakuna sindano iliyorudi bila kupimwa jicho. Mkono wa birika, wakasema, kisha wakampa jina lililomganda, Kufuli. Hakupokea chai ya mtu, hakumpendelea rafiki, hakumuumiza adui. Alikuwa safi kwa makusudi. Alitaka siku ile ikifika, asiwepo mtu wa kusema Kufuli ana visa.

Miluzi alikuja dirishani mara nyingi katika miaka hiyo, kubadilisha buti, kuchukua koti la mvua. "Dada Kufuli, nifanyie namba tisa," alisema, kisha akaondoka na miluzi yake. Hakumjua. Kufuli alimpa namba tisa, akarudi kwenye droo, akaitoa kadi ya Miluzi na kusoma orodha ya vitu alivyonavyo. Aliijua kwa moyo lakini aliisoma.

Aliwahi kupendwa. Muuguzi wa zahanati ya kambi, mwanaume mpole mwenye meno mazuri, alimchumbia, kisha akapata uhamisho na kutaka waondoke pamoja. Kufuli akamwambia ampe mwaka mmoja. Akampa. Akaomba mwingine. Mwaka wa tatu muuguzi aliandika barua fupi kwamba ameoa, na kwamba mpaka leo hajui alikuwa anasubiri nini. Kufuli alilia siku mbili, peke yake, katikati ya mablanketi. Siku ya tatu akahesabu: Miluzi amebakiza miaka minne.

Nyumbani alikwenda kila mwisho wa mwezi, amevaa gauni na kandambili, akamsaidia baba kufagia. Baba sasa alikuwa mjane, mgongo umepinda, bado ananyoa, bado anauliza mara tatu. Aliwaambia wateja, "Binti yangu yuko stoo, anatunza mali ya taifa," na macho yakamng'aa. Wakaongea habari za magoti yanayomuuma na za paa linalovuja. Kufuli alitaka kumwambia, baba, subiri, nakuletea. Hakumwambia.

Miaka kumi na saba tangu kofi, Jumatatu, saa tatu asubuhi, Miluzi akasimama dirishani na begi kubwa na fomu yake.

"Dada Kufuli! Ndiyo nimemaliza hivyo. Nigongee saini, lori letu linaondoka Jumamosi saa sita mchana."

"Weka vitu kwenye kaunta. Kimoja kimoja."

Akaviweka. Helmeti, mkanda, mestini ya kulia chakula, mablanketi mawili, kijiko. Yule bwana alikuwa mtunzaji, Mungu anisamehe, kila kitu kiling'aa. Kufuli alisoma namba, akakunjua mablanketi, akatafuta tundu. Hakuna. Akaishika chupa ya maji, akaigeuza.

"Kifuniko kiko wapi?"

"Ah, hicho kilipotea zamani sana. Si chupa yenyewe ipo?"

"Chupa bila kifuniko haijarudi. Soma masharti nyuma ya fomu."

Miluzi akacheka, akadhani utani. Kufuli alimsukumia fomu yake kupitia dirishani na kumwita aliyefuata. Jumanne Miluzi akaleta kifuniko cha kuazima, Kufuli akakisoma namba, akamwambia hiki ni cha toleo jingine. Jumatano akaleta kingine, kina ufa. Alhamisi akaja mikono mitupu. Hakuwa anapiga miluzi. Mkewe alikuwa amekwishafunga vyombo, na familia iliyopangiwa nyumba yao ilikuwa imeketi barazani juu ya magodoro, inasubiri.

"Afande," akasema yeye, mwenye cheo cha juu, kumwambia mwenye cheo cha chini. "Afande Kufuli. Nimekukosea nini?"

Jinsi alivyolifurahia neno lile! Aliliacha limkae masikioni kwanza. Kisha akafungua mlango wa pembeni, akamwingiza ndani, na kumweleza yote, duka, kiti, kofi, magoti, benchi. Sauti yake ilikuwa ya chini na haikutetemeka. Alikuwa ameyapanga maneno yale kwa miaka kumi na saba.

Miluzi alikunja uso akijaribu kukumbuka. "Kinyozi yupi?"

"Wa getini. Baba yangu."

"Wa getini..." Ghafla akapiga paji la uso. "Yule! Aliyenikwangua wiki ya harusi! We, dada yangu, picha zote zile niko kipara kama yai. Mke wangu mpaka leo ananisuta." Akatikisa kichwa, nusu anacheka. "Kwani nilimpiga?"

Nywele alizikumbuka, kofi hakulikumbuka. Kwa miaka kumi na saba Kufuli alikuwa amefikiri wanalibeba watu watatu, yeye, baba na Miluzi, kumbe Miluzi alilitua siku ile ile na kwenda kuoa.

"Jumamosi saa nne asubuhi," akasema. "Utavaa kombati, utakuja nami dukani. Utapiga magoti pale pale, utaomba radhi mbele ya wateja, na baba yangu atakupiga kofi. Uje na fomu yako, nami nitakuja na muhuri. Akishakupiga, natia saini."

"Kofi moja tu?" Miluzi akauliza. "Na kifuniko?"

"Kifuniko nitakijua mimi."

"Basi hayo yamekwisha," akasema Miluzi, na alionekana kupumua. Alikubali haraka mno, na hilo nalo lilimuudhi Kufuli, lakini akajipa moyo. Kofi litamwingia tu, alijiambia. Akipigwa mbele za watu, na mzee, litamwingia.

Jumamosi alipiga pasi kombati yake mara mbili. Aling'arisha buti mpaka zikaonyesha dari. Alichagua saa nne kwa sababu ndiyo saa duka linapojaa. Walivuka barabara bega kwa bega, yeye na Miluzi, na moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko siku yoyote tangu usichana wake. Akilini alimwona baba akinyoosha mgongo. Alimwona akilala usingizi mzuri, na wateja wakimwangalia kwa heshima mpya. Alimwona hata akiacha kuuliza yale maswali.

Benchi lilikuwa limejaa. Kombati mbili zilipotia kivuli mlangoni, mazungumzo yalikatika na vichwa vyote vikainamia simu. Kinyozi alizima mashine. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Karibuni, maafande," akasema, bila kuinua macho sana. "Mtanisubiri kidogo?"

"Baba, ni mimi."

Akamtazama. Gauni na kandambili ndivyo alivyomzoea. Alimtazama kuanzia kofia mpaka chini, na tabasamu lililokuwa limeanza likaishia njiani. "Naona, mama. Kuna tatizo?"

"Unamkumbuka huyu?"

Kinyozi alimwangalia Miluzi mara moja tu. "Namkumbuka."

Miluzi hakungoja kusukumwa. Alishuka magotini kwenye nywele, akasema kwa sauti ya gwaride, "Mzee, nilikukosea. Naomba unisamehe."

"Yameisha, afande, yameisha siku nyingi," kinyozi akasema haraka haraka, akimshika kwapani amwinue. "Inuka, tafadhali. Utachafuka suruali."

"Usiinuke," Kufuli akasema.

Miluzi akabaki chini.

"Baba, mpige kofi."

"Mimi?"

"Kama alivyokupiga. Hapa hapa, wote hawa waone."

"Mwanangu," kinyozi akanong'ona, "nina mteja kitini. Mwache aende zake. Mimi sina neno naye."

"Mimi ninalo! Miaka kumi na saba ninalo!" Kufuli alipiga hatua moja mbele, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya dirishani, ile inayowasimamisha wanaume wima. "Nimesema mpige!"

Baba yake aliinua kiwiko na kuficha shavu.

Kilikuwa kitendo cha haraka, hakukikusudia, na mara akakishusha kiwiko na kujifuta mkono kwenye aproni. Mteja wa kitini alifumba macho. Benchini mtu alikohoa, kisha akajizuia.

"Sawa, afande," akasema kinyozi.

Akamgeukia Miluzi, akampiga. Lilikuwa kofi dogo, la vidole, na Miluzi hata hakupepesa macho. Kinyozi akarudisha mkono ubavuni, akasimama wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, akingoja. Hakumtazama binti yake usoni. Alitazama buti zake.

"Imetosha," akauliza, "au nimwongeze? Una hakika, afande?"